Ofisa Majibu Mwenye Manyoya

Idara ya Vibali inapenda kuwatangazia wananchi wote kwamba tatizo la majibu limekwisha.

Hivyo ndivyo lilivyosema bango lililobandikwa getini asubuhi ile, kwa herufi nyekundu. Lilibandikwa juu ya bango la zamani lililosema kwamba tatizo la foleni limekwisha, ambalo nalo lilikuwa limebandikwa juu ya maandishi ya ukutani yaliyosema usibandike kitu hapa. Kuanzia sasa, bango liliendelea, kila mwananchi atakayefika idarani atapewa jibu papo hapo, bila kungoja, bila upendeleo na bila mtumishi yeyote kuchoka. Jibu hilo litatolewa na kasuku.

Watu walisoma. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameshasoma mabango mengi.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kushonea viatu, Mzee Lawama naye alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Kasuku aliyetajwa alikuwa wake. Wazo lenyewe lilikuwa lake. Na shingoni mwake kilining'inia kitambulisho cha plastiki chenye picha yake amekunja uso, kuthibitisha kwamba yeye, aliyeilaumu serikali tangu angali na meno yote, sasa alikuwa Mshauri Mwelekezi wa serikali hiyohiyo.

Mambo yalifikaje huko? Kwa utaratibu, kama mambo yote ya ovyo yanavyofika.

Jina la Lawama alipewa na mtaa, na lilimkaa kama soli mpya. Mvua ikinyesha, wakubwa. Isiponyesha, wakubwa haohao. Msumari ukimchoma kidole, alitaka kujua ni nani huko juu aliyeruhusu misumari iwe na ncha. Mkewe alipofariki, moyo ulisimama ghafla akiwa anaanika nguo, daktari alimweleza kwa upole kwamba mambo kama hayo hutokea. Lawama alimuuliza ni ofisi gani iliyoidhinisha yatokee.

Kila mchana alivuka barabara akaenda kukaa kwenye benchi la Idara ya Vibali. Hakuwa na shida ya kibali. Shida yake ilikuwa mtu wa kumlaumu, na pale walikuwa wengi, tena wamekaa kwenye kiyoyozi. Aliwalaumu mpaka akasikia njaa, akarudi kibandani kupiga nyundo. Hakuwahi kujiuliza viatu vile vyote vilitoka wapi. Vilitoka palepale. Watu waliambiwa njoo kesho, wakaja kesho, wakaambiwa njoo kesho, mpaka soli zikaisha, na soli zilizoisha zilivuka barabara moja kwa moja hadi kwake. Idara ilizembea, yeye akala. Angekuwa mtu wa shukrani angewapigia saluti kila jioni. Lakini alikuwa Lawama.

Kazi ya kuwaambia watu njoo kesho ilifanywa na dada mmoja wa mapokezi. Ilikuwa kazi ya sentensi moja: "Mkuu yuko kikaoni, njoo kesho." Aliisema toka mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, kwa tabasamu siku za mwanzo, kisha bila tabasamu, kisha bila hata kuinua macho. Siku moja alifungua mdomo ikatoka hewa tupu. Sauti ilikuwa imekatika kama kamba ya kiatu.

Wananchi wakakosa jibu. Na mwananchi asiyejibiwa ni mtu wa hatari, kwa sababu anabaki. Wakabaki. Wengine wakaanza kuusogelea mlango wa Mkuu, mmoja akaweka mkono juu ya kitasa.

"Kazi gani hii ya kumkausha mtoto wa watu koo?" Lawama alifoka kutoka benchini. "Sentensi moja! Hata kasuku wangu angeiweza!"

Mkuu wa Idara, mtu mnene mwenye viatu vya ngozi laini visivyowahi kukanyaga kokoto, alikuwa anatoka chooni. Alisimama.

"Mzee, rudia ulichosema."

Lawama alijua kimeumana. Lakini mbele za watu hakuwa mtu wa kurudi nyuma. "Nimesema hata kasuku wangu angeiweza."

"Unaye kasuku?"

"Ninaye. Anaitwa Mheshimiwa."

Benchi zima likaacha kupumua.

"Kwa nini anaitwa hivyo?" Mkuu aliuliza.

"Anakula asichokilima, anachafua anapokaa, na akifungua mdomo hasemi lake."

Mkuu alifikiri, mikono nyuma. "Basi ana sifa za msingi," alisema. "Tutaunda kamati."

Ikumbukwe kwamba katika miaka yote hiyo Lawama alikuwa amewapa wakubwa maoni yasiyo na idadi: kuhusu mitaro, kuhusu taa za barabarani, kuhusu wao wenyewe kujiuzulu. Hili lilikuwa oni lake la kwanza kukubaliwa.

Kamati ya Upembuzi Yakinifu wa Ndege iliundwa, ikapewa hadidu za rejea, ikajifungia kwenye hoteli yenye bwawa. Ilirudi imenawiri, na ripoti yake ilisema kwamba ndege ana mdomo, kwamba ndege hana likizo, hana ndugu wa kumwombea kazi na hana koo la kukauka, na kwamba kamati ingependa kukutana tena. Jambo moja tu ripoti haikulitaja, kwa sababu hakuna aliyemuuliza Lawama na Lawama hakusema asichoulizwa.

Mheshimiwa alikuwa bubu.

Hakuwa hivyo zamani. Ndege alikuwa wa mkewe. Lawama alichangia jina tu, ili kila asubuhi apate kumwambia mheshimiwa mmoja kwamba ni mjinga bila kukamatwa. Mkewe hakumfundisha kusema. Aliishi naye tu, kwenye nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mchana. Jirani alikuja kuazima chujio, fundi bomba alikuja kukagua koki, muuza mkaa alikuja kupumzika tu, na kila aliyesema hodi alijibiwa kwa maneno yaleyale: "Karibu! Ingia, mlango uko wazi. Umekula?" Mwishoni kulikuwa na kicheko kidogo cha puani, cha mtu anayejua jibu.

Ndege aliyachukua yote, na sauti yenyewe, na kicheko cha puani. Ikawa mgeni akipiga hodi mama mwenye nyumba akiwa bombani, anakaribishwa na kuulizwa kama amekula, anaingia, anakaa, anajikuta peke yake na kasuku. Hata Lawama, akirudi jioni, alikuwa na mchezo wake. Alisimama mlangoni kwake kama mgeni, akabadilisha sauti, akasema hodi. Zikamjibu sauti mbili kwa pamoja, na hakuwahi kujua ipi ni ya nani.

Tangu msiba, kimya. Ndege alikula, alikunywa, alimtazama. Lawama aliketi mbele ya tundu akambembeleza. "Sema karibu. Sema umekula. Sema hata nusu." Alimpa mbegu za alizeti. Alimtukana. Aliyatamka mwenyewe yale maneno kwa sauti yake ya kukwaruza, mara nyingi, kama anayegongomea kisigino. Ndege aliinamisha kichwa upande mmoja, kama jaji asiyeridhika na ushahidi.

Wageni nao walikoma. Kila aliyekuja kumpa pole alitoka na hotuba kuhusu kodi ya barabara, na watu wana kazi zao. Na yeye mwenyewe siku hizi aliingia kwake kwa ufunguo na kwa teke, maana ni nani wa kumpigia hodi?

Alipekua chanzo cha ububu ule na akakiona bila shida. Ni serikali. "Wamewanyamazisha watu wazima wenye ndevu," aliwaambia viatu vyake, "ndege atawashinda?"

Ndiyo maana Mkuu alipomwambia kwamba idara italeta wataalamu wamsemeshe ndege yule, moyo ulimruka. Aliyemnyamazisha ndiye amsemeshe, si haki? Akisemeshwa, huenda yale maneno yakarudi. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: kusikia "umekula" kwa ile sauti, hata mara moja. Hilo, na kitambulisho. Tusidanganyane. Kitambulisho nacho kilikuwa na kamba nzuri.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa hatua chache kutoka kibandani. Alikuja na chanuo mkononi.

"Shemeji, nimesikia umemkodisha ndege wa dada kwa plastiki."

"Mimi ni Mshauri Mwelekezi."

"Unaelekeza nini? Juzi umenishonea ndala mguu wa kulia kwa kamba ya mguu wa kushoto."

"Ni kamba za serikali hii."

"Nisikilize wewe mzee. Yule ndege ana maneno ya dada yangu tumboni. Na nasikia huko wana kanuni ya kumsafisha."

Ilikuwa kweli. Mwongozo wa Mafunzo ulisema wazi kwamba maneno ya awali ya ndege, yakiwa hayakuidhinishwa, yafutwe kabla ya kuingiza maneno rasmi.

"Hayafutiki," Lawama alisema, lakini alisema chini chini.

"Yakifutika, mimi na wewe hatujuani. Na kwako siji hata kukutukana, maana utanihutubia."

Mafunzo yalifanyika chumba cha mikutano, ambacho kilikuwa kitupu kwa sababu mikutano yote ya Mkuu ilifanyika mahali pengine, hasa kwenye sentensi ya dada wa mapokezi. Mtaalamu wa kwanza alimwonyesha Mheshimiwa picha ukutani kwa mashine, akieleza dira na dhima ya idara. Mheshimiwa alilala. Mtaalamu wa pili alimpa semina elekezi. Mheshimiwa aliichafua. Wa tatu alipendekeza kwamba tatizo ni ukosefu wa motisha, kamati ikakubaliana naye kwa kauli moja na ikajiongezea posho.

Mwishowe Mkuu alisema mambo haya atayafanya mwenyewe. Kila siku mlango ulifunguka kwa bega lake, maana Mkuu alikuwa haingii mahali, alitokea. Alikuwa ameishi maisha yake yote ya kazi pasipo mlango kumuuliza swali. Alikaa upande mmoja wa meza, akamwamuru Lawama asimame upande wa pili awe mwananchi.

"Anza, mwananchi."

"Naomba huduma."

"Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho. Tena."

"Naomba huduma."

"Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho. Huombi kwa uchungu, mzee. Omba kama mtu aliyetoka mbali."

"Naomba huduma, jamani."

"Usiongeze jamani. Jamani haimo."

Wakaenda hivyo, siku baada ya siku. Lawama, aliyekwenda pale kuwalaumu watu wanaofukuza watu, alishinda akifukuzwa, na jioni alifika kibandani na soli zake mwenyewe zikiwa zimeanza kupungua. Ndege aliwatazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine.

Kisha ikatokea. Lawama aliomba huduma kwa sauti iliyochoka kwelikweli, na kabla Mkuu hajafungua mdomo, Mkuu akasikika. Sauti nzito ileile, na kikohozi chake cha mwanzo wa sentensi: "Khm! Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho."

Kamati ilisimama. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Mkuu mwenyewe aliweka mkono kifuani. "Ni mimi kabisa," alisema. "Hata mimi ningejitii."

Lawama alibaki amesimama upande wa wananchi, mtu wa kwanza kufukuzwa ofisini na kasuku wake mwenyewe. Hakuumizwa na hilo. Aliumizwa na kwamba ndege alikuwa na ulimi mzima, na wa kwanza kuupata alikuwa mtu yule. Basi wameshamsafisha, aliwaza. Amesemeshwa, na yaliyotoka si ya mama mwenye nyumba. Jioni ile alipita nyuma ya saluni ili shemeji asimwone.

Mkuu hakulala juu ya ushindi wake. Alijua ujanja wa wananchi: huyu atasema ni mpwa wa fulani, yule atasema aliahidiwa jana. Basi akatunga na kusaini kifungu, akakibandika juu ya meza ya mapokezi: Neno la Ofisa Majibu ni neno la mwisho. Halipingwi, halijadiliwi wala halitenguliwi na mtumishi wa ngazi yoyote. Usimamizi wa kifungu hicho alipewa mlinzi wa mlangoni, kijana mrefu asiyecheka, ambaye siku moja alikuwa amewazuia zimamoto getini kwa kukosa miadi. Jengo la nyuma liliungua, yeye akapata cheti.

Siku ya uzinduzi likafungwa hema. Vikaja viti vya plastiki, kipaza sauti kilichopiga mluzi, utepe, na Mgeni Rasmi kutoka makao makuu na kundi la watu wa kumbebea simu zake. Foleni ya wananchi ilipangwa pembeni, mahali ambapo ingeonekana vizuri kwenye picha. Tundu la Mheshimiwa liliwekwa juu ya meza ya mapokezi, iliyosogezwa hadi mlangoni, limefungwa shada. Lawama alikaa nyuma kabisa na kitambulisho chake. Shemeji alikuja akakaa kando yake bila salamu.

"Nimekuja kuona mlivyomfanya," alisema.

Mgeni Rasmi alikata utepe, akasogelea meza, akasoma kwenye karatasi aliyoandikiwa: "Naomba huduma."

"Khm! Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho."

Makofi yalipasua hema. Mgeni Rasmi alitamka kwamba ameguswa, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake amepata jibu la idara bila kupiga simu. Shemeji aliinamisha uso kwenye mikono. "Wamemmaliza dada," alisema. Lawama alitazama viatu vya watu.

"Sasa tumwite mwananchi wa kwanza halisi!" alitangaza mshereheshaji.

Walimchagua bibi mmoja mfupi kwa sababu alikuwa msafi na hakuwa na mdomo. Alitaka kibali cha kuchimba choo. Alikuwa amekiomba tangu choo cha zamani kilipotitia. Walimfundisha la kusema, wakamwambia alirudie, akalirudia vizuri. Lakini alipofika mezani aliona mlango, na nyuma ya mlango akajua kuna watu, na kichwa chake kikasahau ya mshereheshaji kikakumbuka ya mama yake. Akagonga meza kwa fundo la kidole.

"Hodi, wenyewe!"

Mheshimiwa alijitikisa manyoya. Alinyoosha shingo, akatazama huku na huku, kama aliyeamshwa na mtu anayemjua.

"Karibu!" alisema. "Ingia, mlango uko wazi. Umekula?"

Na kicheko kidogo cha puani.

Shemeji alimshika Lawama mkono kwa kucha. Lawama hakusikia kucha. Alikuwa amesimama, hajui amesimama saa ngapi. Sauti ilikuwa ileile, ya mtu mwenye vibanio vya nguo mdomoni. Haikufutika hata herufi. Ilikuwa mle muda wote, inangoja mtu mmoja tu mwenye adabu ya kupiga hodi. Wataalamu hawakupiga, maana wataalamu hawapigi. Mkuu hakupiga, maana hajui. Na nyumbani...

Lawama alitafuta wa kumlaumu. Alimtazama Mgeni Rasmi, akamtazama Mkuu, akaipitia kamati mtu mmoja mmoja. Wote hawakuhusika na ufunguo wake wala na teke lake. Lilikuwa jambo geni na lilimkaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine.

"Sijala, mwanangu," bibi alimjibu ndege. "Nimetoka alfajiri." Akaufuata mlango.

"Mzuie!" Mkuu alinong'ona kwa nguvu.

Mlinzi alikuwa ameshaufungua. "Neno la Ofisa Majibu ni neno la mwisho, Mkuu."

"Hilo si neno! Hilo si neno rasmi!"

"Halipingwi, Mkuu. Halijadiliwi. Umesaini mwenyewe, hapa."

Foleni ilikuwa na masikio. "Hodi!" akasema wa pili. "Karibu! Ingia, mlango uko wazi. Umekula?" "Hodi hapo!" "Karibu!" Wakaingia mmoja baada ya mwingine, wakifuta miguu mlangoni, na wakafika mpaka chumba cha Mkuu ambako hakuna mwananchi aliyewahi kufika. Walitembea kwa kunyata ili wasivuruge kikao. Hapakuwa na kikao. Palikuwa na kochi na mto wenye umbo la kichwa, ndala za manyoya, televisheni yenye mpira, na meza ndefu iliyoandaliwa chakula cha mchana cha wadau wa uzinduzi. Kwa kuwa Ofisa Majibu alikuwa ameuliza rasmi kama wamekula, na wao walikuwa wamejibu kwa ukweli, mlinzi aliona kwamba suala hilo haliwezi kuachwa hewani. Akawapakulia.

Vibali viligongwa na dada wa mapokezi. Walimkuta mle ndani amehamishiwa kwenye meza ya mihuri. Aliyaona maombi, akafungua mdomo kukataa, ikatoka hewa. Basi akagonga.

Nje, Mgeni Rasmi alikuwa bado hajaamua kama hili ni balaa au ni mafanikio. Aliona kamera zinamtazama. Akapiga makofi. "Huu ndio ule mlango wazi ambao nimekuwa nikiuzungumzia," alisema, ingawa hakuwahi kuuzungumzia, na akampongeza Mkuu kwa jina na cheo, na akaagiza utaratibu huu usiguswe na mtu.

Mkuu alimsindikiza mpaka garini, akainama, akapunga mkono mpaka vumbi likatulia. Kisha akarudi kwa hasira kwenda kuwatoa watu ofisini mwake.

Mlinzi alinyoosha mkono mlangoni. "Utaratibu, Mkuu. Kila anayeingia anapata jibu kwanza."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Lakini mimi sijibu. Anajibu yeye."

Mkuu alimgeukia ndege. "Nifungulie! Haraka!"

Mheshimiwa alimtambua mara moja. Aliinamisha kichwa upande, akakohoa. "Khm! Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho."

"Mkuu ni mimi!"

"Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho."

"Umesikia mwenyewe," mlinzi alisema kwa huruma. "Na kwa sauti ile, mimi namwamini."

Mkuu akaja kesho. Alikuja na amri, akaambiwa aje kesho. Alikuja na barua ya kujitambulisha aliyojiandikia, akaambiwa aje kesho. Alipewa nafasi nzuri benchini, karibu na nguzo. Watu walipita mbele yake, wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakatoka na vibali. Aliwatazama wakifanya hivyo asubuhi mpaka jioni na hakuona walichofanya. Hakuna aliyemwambia. Si kwa ubaya. Kila mmoja alidhani mtu mzima anajua hodi.

Lawama naye hakumwambia, na kwake ilikuwa kwa ubaya. Maana alikuwa na uchungu mpya. Watu wakihudumiwa siku hiyohiyo viatu havichakai. Kibanda kilikauka. Alikaa na nyundo mapajani, akitazama soli nzima nzima zikipita barabarani na vibali mkononi. "Serikali gani hii," aliwaambia wapita njia, "inahudumia watu mpaka fundi anakosa kazi?" Mteja wake wa pekee aliyebaki alikuwa Mkuu. Vile viatu vyake vya ngozi laini havikutengenezwa kwa safari za kila siku.

Jioni, kwa mujibu wa kanuni, Ofisa Majibu hakuruhusiwa kulala ofisini, fursa ambayo hapo awali ilikuwa ya Mkuu. Lawama alimchukua akaenda naye nyumbani. Alimtundika penye msumari wake, akampa mbegu, akakaa. Neno hakulisema. Mtu aliyewatukana wakubwa wote hadharani aliuogopa mlango wake mwenyewe. Je, kama akipiga hodi asijibiwe? Mji mzima umekaribishwa, muuza mkaa amekaribishwa, halafu yeye aambiwe aje kesho?

"Umeshapiga?" shemeji alimuuliza kila asubuhi kutoka saluni.

"Nina kazi nyingi."

"Kazi gani, na wewe unashona kiatu cha mtu mmoja?"

Jioni moja Mkuu alimfuata mpaka nyumbani. Alikuwa peku. Viatu vyake vilikuwa kwa fundi na kibanda kilikuwa kimefungwa.

"Ngoja hapo," Lawama alimwambia, na Mkuu, ambaye sasa alikuwa mzoefu, akakaa kizingitini akangoja.

Lawama aliingia, akamtundika ndege, akaviweka mezani viatu vya Mkuu alivyokuja navyo kutoka kibandani. Akasimama. Akatoka tena nje, akaufunga mlango.

"Umesahau kitu?" Mkuu aliuliza.

Lawama alijifuta mikono kwenye suruali, ikawa bado ina gundi. Akajaribu kubadilisha sauti kama zamani, sauti ikagoma, ikatoka yake ileile ya kukwaruza.

"Hodi."

Ndani kukawa kimya. Alianza kutafuta wa kumlaumu.

"Karibu! Ingia, mlango uko wazi. Umekula?"

"Bado," Lawama alisema, akainama kuvua viatu ili asionekane uso.

"Bado," alisema pia Mkuu, aliyedhani ameulizwa yeye.

Lawama aliingia, akaurudishia mlango nyuma yake. Alikaa mbele ya tundu, viatu vya Mkuu mapajani, hajui la kufanya na mikono yake. Aliona afadhali atoke nje amwambie lile neno. Ni neno fupi tu, na mtu yuko peku. Alishafungua mdomo. Lakini ndege alicheka kile kicheko cha puani, naye akainuka, akaenda kubandika sufuria.

Huko nje Mkuu alichoka kungoja. Aliusukuma mlango kwa bega.

"Fundi, naomba viatu vy—"

"Khm! Mkuu yuko kikaoni. Njoo kesho."

Mkuu alisimama palepale, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Samahani," alisema kwa sauti ya chini, akaurudisha mlango polepole, asije akakatiza kikao.